Jicho la Zamani katika Chombo Kipya: Lenzi, Nuru na Kumbukumbu ya Watu wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Kwa kawaida methali hiyo hutumiwa juu ya wazee na hekima yao. Lakini katika makala haya tutaitumia juu ya chombo, nacho ni lenzi ya kamera ya zamani. Siku hizi wapiga picha wengi duniani wamerudia kuzitumia lenzi zilizotengenezwa miaka 40, 50 au 60 iliyopita, zile zinazolengwa kwa mkono na zenye tundu pana la kupitishia nuru, wakizifunga mbele ya kamera za kidijitali za leo. Mtu anaweza kudhani kwamba jambo hili ni mchezo tu wa watu wenye nafasi. Sisi tunaona kwamba lina uhusiano mkubwa na historia ya nchi yetu, na hasa historia ya watu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma. Maana picha zao za kwanza zilitegemea lenzi za namna fulani, na upungufu wa lenzi hizo ukawa upungufu wa kumbukumbu yao.

Nchi tunayoizungumzia ina sehemu mbili. Juu, katika milima yenye baridi na ukungu, wanakaa Wamatengo, wakulima wa ngoro na kahawa. Chini, kando ya maji, wanakaa Wanyasa na majirani zao, wavuvi na wakulima wa mihogo, katika miji na vijiji kama Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Kwa miaka mingi sehemu zote mbili zilikuwa katika Wilaya moja ya Mbinga, mpaka Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka humo mwaka 2012. Tutaeleza kwanza jinsi picha inavyotegemea nuru, kisha jinsi wageni walivyowapiga picha watu wa nchi hiyo, kisha safari ya lenzi zenyewe, na mwisho namna chombo cha zamani kinavyoweza kutumika leo kwa faida ya utamaduni wetu.

Nuru na tundu

Kila picha ni zao la mambo mawili: nuru inayoingia na muda inaoingia. Lenzi ina tundu linaloweza kupanuliwa au kubanwa, kama mboni ya jicho inavyofanya mtu atokapo juani na kuingia nyumbani. Upana wa tundu hilo huandikwa kwa namba, na namba hizo huenda kinyume na vile mtu angetazamia: kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa pana. Lenzi iliyofunguliwa mpaka 1.4 hupitisha nuru mara 32 kuliko ile iliyobanwa mpaka 8. Kwa sababu hiyo lenzi yenye tundu pana huitwa lenzi ya kasi, si kwa kuwa yenyewe hukimbia, bali kwa kuwa humwezesha mpiga picha kumaliza kazi kwa muda mfupi hata penye nuru haba.

Tuchukue mfano mmoja. Bibi ameketi jioni karibu na mafiga, akiwasimulia wajukuu hadithi. Tuseme kwamba kwa nuru ya moto ule, lenzi iliyobanwa mpaka 8 huhitaji nusu sekunde kuipata picha. Katika nusu sekunde bibi amekwisha geuza uso, mkono umekwisha pita hewani, na picha itatoka kama ukungu. Lakini lenzi iliyofunguliwa mpaka 1.4 itaipata picha ile ile kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, na uso wa bibi utabaki pale pale ulipokuwa, pamoja na mng'ao wa moto machoni mwake. Tofauti kati ya picha na ukungu, basi, ni upana wa tundu.

Kamera za wageni

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa huko Paris mwaka 1839, na haukuchukua miaka mingi kufika Afrika Mashariki. Msafara wa David Livingstone katika mto Zambezi, ulioanza mwaka 1858 na kufika Ziwa Nyasa mwezi Septemba 1859, ulikuwa na kamera. Huko Unguja studio za wapiga picha kutoka Goa, kama ile ya A. C. Gomes, zilifunguliwa katika karne hiyo ya 19. Lakini upande wetu wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kamera ilikuja hasa pamoja na utawala wa Wajerumani na pamoja na misheni.

Mtu wa kukumbukwa hapa ni Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, aliyesafiri katika nchi za Nyasa na Ukinga mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1902 alitoa kitabu juu ya maumbile ya miili ya watu wa kaskazini ya Nyasa, na mwaka 1906 akatoa huko Berlin kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma na watu wake, pamoja na mkusanyo wa picha nyingi. Mwaka huo huo wa 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka upande wa Lindi, Masasi na Newala akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti, na mashine ya kupiga picha za sinema. Walther Dobbertin, mpiga picha wa biashara, alifanya kazi katika koloni hilo tangu mwaka 1906, na picha zake leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Wamisionari nao hawakubaki nyuma. Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898, na Waanglikana wa misheni ya UMCA waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma na vituo mwambaoni hadi Liuli, walipeleka picha kwao Ulaya, zikachapwa katika magazeti yao ili waumini wa huko wachangie fedha.

Hatuna budi kukumbuka pia hali ya nyakati zile. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilizuka, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi 67 wa Wangoni na wenzao walinyongwa Songea. Kitabu kile cha Fülleborn chenye picha za watu wa Ruvuma kilitoka katika mwaka huo huo ambao watu wa Ruvuma walikuwa wakinyongwa na kuuawa kwa njaa. Kwa hiyo aliyesimama mbele ya kamera hakuwa sawa na aliyesimama nyuma yake. Mmoja aliamuru, mwingine alisimama. Watu wengi walipigwa kwa mbele na kwa ubavu, kama vielelezo vya kabila, na chini ya picha liliandikwa jina la kabila tu, wala si jina la mtu.

Yaliyobaki gizani

Tukizitazama picha nyingi za zama hizo tutaona kwamba zinafanana. Watu wamesimama nje, juani, miili imekakamaa, macho yamefinywa kwa mwanga. Mtazamaji asiyejua huweza kudhani kwamba babu zetu walikuwa watu wakali au watu wasiojua kucheka. Sababu moja ni ile tuliyoitaja, yaani utawala wa nguvu. Lakini sababu nyingine ni ya ufundi, nayo haisemwi sana.

Vioo vilivyopakwa dawa ambavyo vilitumika kabla ya filamu vilipokea nuru polepole, na lenzi nyingi za safari zilikuwa na tundu jembamba. Ndiyo maana ilibidi watu watolewe nje, wasimame juani, na waambiwe wasitikisike. Aidha dawa ya vioo vya kawaida ilihisi rangi ya buluu vizuri, lakini haikuhisi rangi nyekundu. Ngozi yetu ya kahawia, ambayo ina wekundu ndani yake, ikatoka nyeusi kupita kiasi, na mikunjo ya uso ikapotea. Dawa ya kuhisi rangi zote ilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, na ilichukua muda kuenea.

Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya maisha haikuingia katika kumbukumbu ya picha. Tunayo picha ya nyumba kwa nje, hatuna picha ya watu wanaoongea ndani yake. Tunayo picha ya mtumbwi uliopandishwa ufukweni, lakini uvuvi wa usipa, ambao hufanywa usiku kwa taa, haukuwezekana kupigwa. Ngoma zilipigwa mchana, watu wakiwa wamepangwa mstari, ijapokuwa utamu wa ngoma nyingi huja jua likishatua. Mganda, ngoma ya wanaume iliyoenea kandokando ya Ziwa Nyasa baada ya Vita Kuu ya kwanza kwa kuiga gwaride na bendi za askari, na kihoda, ngoma ya wanawake, ni mambo ya mwendo na ya jasho; lenzi ya tundu jembamba huyafanya yawe sanamu.

Hata kilimo cha ngoro, ambacho ni fahari ya Wamatengo, kilipata taabu hiyo. Katika kilimo hicho wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana juu ya mteremko mkali. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani yale, mpaka mlima mzima unakuwa na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua inyeshapo, maji hutua mashimoni badala ya kuuporomosha udongo, na majani yaliyooza hurutubisha maharage na mahindi. Picha ya mlima wenye ngoro huonekana vizuri juani. Lakini kazi yenyewe, hasa alfajiri penye ukungu, pamoja na mikono ya akina mama iliyoshika jembe, ilihitaji jicho jepesi zaidi kuliko lile lililokuwapo.

Safari ya lenzi

Jitihada ya kupanua tundu la lenzi ilianza mapema. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Vienna, alibuni kwa njia ya hesabu lenzi ya kupigia picha za watu yenye tundu la 3.6, iliyopitisha nuru zaidi ya mara kumi kuliko zile za awali. Lenzi hiyo ilipunguza muda wa kukaa bila kutikisika kutoka dakika hadi sekunde. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa kiwanda cha Zeiss, mjini Jena, alibuni lenzi iliyoitwa Planar, ambayo mpango wake wa vioo ndio mama wa lenzi nyingi za kasi zilizofuata. Mwaka 1924 kamera ya Ermanox ilitoka Dresden ikiwa na lenzi ya Ludwig Bertele yenye tundu la 1.8 katika umbo lake la pili, na kwa kamera hiyo Erich Salomon aliweza kupiga picha ndani ya mahakama na mikutano ya wakuu wa nchi bila taa.

Shida moja ilibaki. Kila kioo ndani ya lenzi hurudisha nyuma kiasi cha nuru, na vioo vinapokuwa vingi nuru hiyo hutangatanga na kuififisha picha. Mwaka 1935 Olexander Smakula, mtaalamu wa fizikia mwenye asili ya Ukraine aliyefanya kazi Zeiss, alipata njia ya kukipaka kioo utando mwembamba unaopunguza hali hiyo. Tangu hapo lenzi za tundu la 2, la 1.8 na la 1.4 zikawezekana kwa watu wa kawaida. Mwaka 1949 ikatoka Dresden kamera ya Contax S yenye mdomo wa skrubu wa milimita 42, na mdomo huo ukatumiwa baadaye na viwanda vya Ujerumani Mashariki, vya Urusi ya Kisovieti na vya Japani. Lenzi kama Helios ya milimita 58 ya Warusi, au Takumar ya Wajapani, zilitengenezwa kwa wingi mno, ndiyo maana bado zinapatikana kwa bei ya chini.

Jicho la zamani katika kamera ya sasa

Kwa nini lenzi hizo zimefufuka? Jibu limo katika umbo la kamera mpya. Kamera ya zamani ya namna ile ilikuwa na kioo cha kujitazamia kati ya lenzi na filamu, kwa hiyo lenzi ilikaa mbali na filamu, karibu milimita 45 na nusu. Tangu mwaka 2008, ilipotoka kamera ya Panasonic Lumix G1, zimeenea kamera za kidijitali zisizo na kioo hicho, na ndani yake kihisi cha nuru kimesogea karibu sana na mdomo. Katika kamera za Sony za aina hiyo umbali ni milimita 18 tu. Nafasi inayobaki, kama milimita 27, huzibwa kwa pete tupu ya chuma isiyo na kioo chochote, na lenzi ya zamani hukaa mahali pake sawasawa.

Lenzi hiyo haina umeme, wala haizungumzi na kamera. Kwa hiyo mpiga picha huiagiza kamera ikubali kufanya kazi kana kwamba haina lenzi, kisha yeye mwenyewe huchagua tundu na kulenga kwa kuzungusha pete mpaka sura ionekane dhahiri. Hapo ndipo kamera mpya inapomsaidia mzee: huweza kuikuza sehemu ya picha machoni pa mpigaji, au kuzipaka rangi kingo za kitu kilicholengwa barabara. Nacho kihisi cha leo huhisi nuru kuliko filamu yoyote ya zamani. Lenzi pana na kihisi chepesi vikikutana, nuru ya kibatari, ya moto wa jikoni au ya taa za wavuvi huko ziwani hutosha kabisa.

Hata hivyo, kipya kinyemi ingawa kidonda, na cha kale nacho kina vidonda vyake. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa mpaka 1.4, ikimlenga mtu aliye umbali wa mita moja kwa kamera yenye kihisi kikubwa, huonyesha dhahiri kina cha sentimita 3 tu. Jicho likiwa dhahiri, sikio limekwisha ingia katika ukungu. Anayelenga kwa haraka atakosa. Isitoshe, lenzi nyingi za zamani zimehifadhiwa vibaya penye unyevu, na kuvu humea juu ya vioo vyake. Kwa hiyo kabla ya kununua ni lazima kuitazama lenzi dhidi ya nuru, na baada ya kununua kuitunza pakavu.

Hatari ya kupendeza

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko hizo. Wapenzi wa lenzi za kasi husifu hasa ule ukungu laini unaofunika kila kitu kilicho nyuma ya mtu. Ni kweli kwamba unapendeza. Lakini tujiulize: kuna nini nyuma ya mkulima wa Mbinga? Kuna ngoro alizochimba mama yake. Kuna nini nyuma ya mvuvi wa Liuli? Kuna ziwa, kuna mtumbwi, na kuna jabali lile lenye umbo la sanamu ya Misri, lililowafanya Wajerumani waupe mji huo jina la Sphinxhafen. Tukivifuta vyote kwa ajili ya urembo, tutakuwa tumefanya kosa linalofanana na la wale wa mwaka 1906. Wao walimnyima mtu jina lake wakabakiza kabila. Sisi tutamnyima mtu nchi yake na kubakiza uso.

Kwa maoni yetu, tundu pana litumike pale ambapo nuru inalidai, yaani ndani, usiku na alfajiri. Nuru inaporuhusu, tundu libanwe. Lenzi ile ile, kwa umbali ule ule wa mita moja, ikibanwa mpaka 8 huongeza kina cha udhahiri kutoka sentimita 3 hadi kama 18. Na mpigaji akirudi nyuma hatua chache, mtu na shamba lake wataonekana pamoja.

Wajibu wa shule

Rais Julius Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, Taifa lilikuwa limekwisha tambua kwamba uhuru wa bendera hautoshi. Katika jambo hili la picha uhuru wetu haujakamilika. Picha nyingi za kale za nchi ya Nyasa ziko Ujerumani na Uingereza. Za misheni ya UMCA ziko Oxford, na mkusanyo mkubwa wa Chama cha Makoloni cha Wajerumani uko Frankfurt, ingawa huo wa Frankfurt sasa huweza kutazamwa kwa njia ya intaneti. Mwalimu wa historia mwenye kompyuta moja anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake sura za nchi yao zilizopigwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kuwauliza: ni nani aliyepiga? Kwa nini watu wamesimama juani? Nini hakionekani?

Baada ya maswali hayo, wanafunzi watoke wakapige yale yasiyoonekana. Si lazima kila shule iwe na lenzi ya Jena. Hata simu huweza kuanza kazi hiyo. Lakini shule inayopata kamera ya kidijitali na lenzi ya zamani ya bei ndogo itakuwa na faida mbili. Kwanza, itapiga penye nuru haba. Pili, mwanafunzi atajifunza kwa mkono wake mambo ambayo kamera nyingine humfichia: tundu, muda, umbali na nuru. Na kwa kuwa kulenga kwa mkono huchukua muda, atalazimika kuketi na mzee anayempiga, kuzungumza naye, na kuomba ridhaa yake kwa heshima kabla ya kubonyeza.

Jambo la mwisho ni kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila picha iwe na jina la mtu kama yeye mwenyewe apendavyo kuitwa, kijiji chake, tarehe, na maneno machache juu ya kazi aliyokuwa akiifanya, kwa Kiswahili na pia kwa Kimatengo au Kinyasa. Nakala moja abaki nayo mwenye sura, nakala nyingine iwekwe shuleni. Picha iliyoachwa katika simu moja hufa pamoja na simu hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba kumbukumbu ya watu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa ilipunguzwa na mambo mawili: utawala uliowanyima majina, na lenzi zilizowanyima nuru. Utawala ule ulikwisha, na lenzi zilizoshinda giza zimekwisha buniwa tangu miongo mingi, nazo sasa zinaweza kushikwa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Kinachosalia ni nia. Wazee wanaojua kupanga ngoro kwa jicho, bila kamba wala kipimo, na akina mama wanaokumbuka nyimbo za kihoda zilizoimbwa ujanani mwao, hawatatungojea. Jioni hii wameketi karibu na moto, na nuru ile inatosha.